Jina la Kwanza Ubaoni

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nauza makufuli, misumari na rangi za ukuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mteja akinirudia mara ya nne kuuliza bei ile ile namwambia aende akajengee udongo. Ila kuna mtu mmoja ambaye nikimkasirikia, hasira inanigeukia mwenyewe. Huyo ni shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu wa kiume baada ya baba kufariki, mimi nikiwa na miaka tisa, mdogo wangu minne. Mama alikuwa ametangulia. Shangazi hakujaliwa mtoto wa tumboni mwake, na ukithubutu kumkumbusha hilo atakuuliza kama unahesabu kwa vidole au kwa kichwa.

Mtaani wanamwita Bi Chaki. Miaka thelathini na sita alifundisha darasa la kwanza, katika chumba kile kile chenye dirisha lisilofungika sawasawa. Walitaka kumpandisha cheo, akakataa kata kata. Alisema watoto wakifika darasa la nne wameshajua kudanganya, yeye anawataka wangali wabichi.

Na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna mkaguzi aliyeweza kuuondoa. Walimu wengine huanza na a, e, i, o, u. Shangazi alianza na jina lake. Siku ya kwanza ya mwaka aliliandika ubaoni, jina lake na la baba yake, kwa herufi za kuunganisha, mviringo kama mayai, na watoto wakalinakili wiki nzima mpaka vidole vikawauma. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia mtoto aliyepotea njiani, kama anajua kuandika jina la mwalimu wake, atarudishwa kwao. Sijui ni wangapi walipotea wakarudishwa. Ninachojua ni kwamba nusu ya mji huu, kabla hawajajua kuandika majina ya mama zao, walijua kuandika la shangazi yangu.

Sasa sikiliza balaa lilipojificha. Shangazi alipofungua akaunti benki, wakamwambia atie sahihi. Akaandika jina lake na la baba yake, kwa herufi zile zile za ubaoni. Karani akamshauri atafute kitu kigumu kidogo kuigwa. Shangazi akamwangalia juu ya miwani. "Sahihi ni jina la mtu, kijana, siyo njia ya kuku matopeni." Mjadala ukafungwa.

Halafu kulikuwa na sanduku la posta. Shangazi ndiye aliyelikodi zamani, na kwa kuwa majirani wengi hawakuwa na anwani, akawaambia watumie ya kwake. Mwenye mtoto shuleni mbali, mwenye mume kazini ng'ambo, mwenye kesi ya kiwanja, wote barua zao zilipitia humo. Kila aliyelia kidogo alichongewa ufunguo. Siku niliyokaa nikahesabu, funguo zilikuwa tisa. Mwingine ulining'inia kwenye msumari nje ya kibanda cha fundi viatu, anayepita anachukua anarudisha. Mimi nauza makufuli! Nilimwambia, "Shangazi, hili siyo sanduku, hiki ni kituo cha basi." Akacheka hadi akashika mbavu. Akasema, "Barua ya mtu ina jina la mtu. Anayejua kusoma hatachukua isiyo yake, na mimi nimewafundisha wote kusoma." Ungemjibu nini mtu kama huyo?

Mwaka juzi macho yake yakaanza kumtupa mkono. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mwanzoni alificha. Nilimkuta anamimina chai kwa kuweka kidole ndani ya kikombe apate kujua imefika wapi, na kidole kimeungua. Niligomba, halafu nikaenda kulia jikoni. Baadaye akawa haoni nyuso. Ananijua kwa kikohozi, anamjua mdogo wangu kwa jinsi anavyoburuta viatu. Barua alisomewa na mdogo wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa anapita posta kila Jumatano akitoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Alikaa kando yake kwenye mkeka, akamsomea mpaka matangazo ya kampuni za bima, na Shangazi akasahihisha matamshi. Nilikuwa nawaona wawili wale nikasema moyoni, hata kama sikuolewa vizuri, hapa nilijaliwa.

Hospitali ya macho ikampa tarehe. Daktari alisema wazi kwamba jicho la kulia likisubiri zaidi litakuwa gumu kuokolewa, kwa hiyo tarehe isivukwe. Fedha zilikuwepo, kiinua mgongo chake alichokifungia benki asikiguse kwa kitu kingine chochote. Kilichokosekana ni kitabu kipya cha hundi, maana cha zamani kilikwisha. Benki ikasema kitatumwa kwa posta. Tukasubiri. Kila Jumatano Shangazi aliuliza, na kila Jumatano mdogo wangu akajibu, "Bado, Shangazi. Posta hawa, unawajua." Zilipobaki wiki tatu nikachoka, nikamshika mkono nikampeleka benki mwenyewe.

Karani wa dirishani alikuwa msichana wa adabu. Alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. "Lakini Mwalimu, kitabu kilitumwa mwezi wa pili. Na umeshakitumia." Nikamwuliza katumia vipi mtu asiyeona kikombe chake. Akageuza kioo cha kompyuta nione. Hundi moja ilikuwa imelipwa taslimu, kwenye tawi la mbali, na karibu fedha zote za macho zilikuwa zimeondoka nayo. Shangazi akaniuliza, "Imebaki kiasi gani?" Nikamwambia. Akasema, "Ahaa," basi, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha.

Tukapelekwa kwa meneja, mwanamume wa tai, mwenye haraka zake. Akamwamkia Shangazi kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," maana naye alipita mikononi mwake. Heshima haikumzuia kusema alichotaka kusema. Akatoa ile hundi, akatoa kadi ya sahihi, akaziweka pamoja. Zilifanana kama sahani mbili za seti moja. "Benki ililipa kwa sahihi yako, Mwalimu. Makao makuu wataniambia umeiandika wewe, au umemtuma mtu."

Hapo damu ilinichemka, nikafungua mdomo, na Shangazi akanibana paja chini ya meza. Akamwuliza meneja, kwa upole ule ule wa darasani, "Humu ndani mko wangapi niliowafundisha?" Meneja akababaika. Akaitwa yule msichana wa dirishani, akaitwa mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye mvi na bunduki yake. "Mpe kila mmoja karatasi," Shangazi akasema. "Na wewe mwenyewe chukua. Niandikieni lile neno la kwanza."

Hawakuuliza neno gani. Meneja aliandika akiwa ameuma ulimi pembeni ya mdomo, mtu mzima na tai yake. Mlinzi aliegemeza bunduki ukutani. Walipomaliza wakapanga karatasi zao tatu kando ya hundi, na wallahi, kama ungeniambia nichague ya Shangazi ningepiga kura. Mlinzi akacheka kwanza, kisha wote wakacheka, na meneja akafuta jasho. "Mwalimu, umetuweza. Sahihi hii siyo ushahidi wa kitu."

Akawa binadamu kidogo baada ya hapo. Akageuza hundi akatuonyesha nyuma, palipoandikwa namba ya kitambulisho. Namba ile haikuwa ya mtu yeyote, na karani wa tawi lile hakujishughulisha kuomba kitambulisho chenyewe. "Hili ni kosa letu, na benki inaweza kurudisha fedha. Ila makao makuu wanataka maelezo kwa maandishi, na jina la unayemshuku. Bila jina watasema mna siri." Shangazi akaomba kuishika ile hundi. Akatoa kioo chake cha kukuzia kwenye mkoba, akaileta hundi karibu na pua, kwenye mwanga wa dirisha, akaipitia mstari kwa mstari. Alichukua muda. Kidole chake kikasimama juu ya maandishi, kikarudi nyuma, kikasimama tena. Halafu akairudisha mezani, akaniambia, "Twende nyumbani."

"Fomu je?"

"Twende nyumbani, mwanangu."

Nilidhani ni uchovu. Kesho yake sikwenda kazini. Nilichukua kufuli jipya la sanduku, nikaomba ruhusa posta nikalibadilisha, halafu nikaingia mtaani kukusanya funguo zote kama askari wa kodi. Huku nikikusanya nikawa natema maneno. Mama muuza nyanya nilimwuliza mbele ya wateja wake amepata wapi meza mpya. Fundi viatu, mtu aliyenifunga kamba za viatu nikiwa mdogo, nilimwambia msumari wake ndio uliomtia shangazi yangu upofu. Alinyanyua ufunguo kwenye msumari ule, akaniwekea mkononi, akarudi kushona kiatu chake. Afadhali angenitukana.

Nikarudi na funguo nane, ukiacha wa mdogo wangu, kifua mbele. Nikamwambia Shangazi kuanzia leo sanduku lina funguo mbili, wa kwangu na wa mdogo wangu. Barua inachukuliwa siku ile ile ifikapo. Kitabu cha hundi hakipiti posta tena, tunakifuata benki kwa miguu yetu. Na sahihi mpya, isiyofundishwa darasani. Alisikiliza yote. "Vizuri," akasema. "Umefanya vizuri." Lakini fomu ya benki ilikaa mezani chini ya bakuli la sukari, na kila nikiigusa alisema kesho.

Siku zikapita. Zilibaki kumi na mbili, zikabaki tisa. Hospitali wakapiga simu kuuliza kama tarehe iko pale pale. Mdogo wangu alikuja Jumatano kama kawaida, akakaa kwenye mkeka, na nikamweleza tena habari za yule mwizi, jinsi nitakavyomfanya nikimtia mkononi. Aliinamisha kichwa akasema pole nyingi. Shangazi akamwuliza kama amekula. Akamwekea chakula kwa kupapasa sufuria.

Zilipobaki siku hizo tisa nikapasuka. Nilimwambia Shangazi kwamba anapenda kufa kishahidi, kwamba wema wake ni kiburi kilichovaa kanga, kwamba mimi ndiye nitakayemwongoza chooni miaka ishirini ijayo na kwa hiyo nina haki ya kujua. "Umemjua! Nilikuona benki, umemjua! Mtaje!" Mpaka jirani akazima redio asikilize.

Shangazi alinisubiri hadi nikaisha pumzi. Kisha akasema, "Anayeandika kwa mkono wa kulia, mkono unatangulia kuondoka, wino unakauka nyuma yake. Anayeandika kwa mkono wa kushoto, mkono unapita juu ya alichokiandika. Unakiburuta. Ile hundi imeburutwa, mbele na nyuma."

"Basi?"

"Nimefundisha watoto wa mkono wa kushoto kumi na mmoja. Mwalimu mkuu alitaka tuwafunge mkono kwa kitambaa. Niligombana naye kwa ajili ya mmoja wao hadi akaniandikia barua ya onyo. Nikasema huyu mtoto hana baba, hana mama, mkono nao mnataka kumnyang'anya?" Akatafuta ukingo wa meza, akaushika. "Kati ya hao kumi na mmoja, mwenye ufunguo alikuwa mmoja."

Sikukaa, nilianguka kwenye kiti. Nilikumbuka mdogo wangu akiwa na miaka sita, ubavu wa kiganja chake ukiwa mweusi kila jioni, na mimi ndiye niliyemsugua kwa sabuni. Nilikuwa na hundi ile mbele ya macho yangu pale benki na sikuiona. Na mimi ndiye ninayeona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu una kaka... una ndugu mmoja tu," alisema, ulimi ukimteleza. "Jicho ninalo la pili, hata kama ni bovu."

Nilitoka bila viatu vya maana, na kandambili zangu za nyumbani, hadi kwenye kibanda chake cha simu. Alikuwa ameinama juu ya mashine mpya ya kufungulia vioo vya simu, inayong'aa, ambayo aliniambia amekopeshwa na rafiki. Aliponiona mlangoni aliweka bisibisi chini. Nilikuwa nimepanga matusi yangu njia nzima, na yote yakaniruka. Nikasema tu, "Shangazi anajua."

Akaanza kuongea mbio mbio. Kibanda kilikuwa kinamfia, mteja akija na kioo kilichovunjika anamwelekeza kwa wenzake. Kitabu kikaja, akakishika, akawaza atarudisha fedha kabla hazijahitajika. Mashine ingelipa ndani ya miezi miwili. Alidhani hospitali zinasogeza tarehe, zote husogeza. "Sikujua habari ya jicho la kulia, Dada. Nimejua uliponiambia wewe, na fedha zilikuwa zimeshaingia humu." Akaipiga mashine kofi. "Jina lake niliandika kwa mara moja tu. Sikuhitaji hata kujaribu."

"Najua. Hata mlinzi wa benki hakuhitaji."

"Amejua lini?"

"Siku ile ile ya benki. Kabla hujala chakula chake Jumatano ile."

Hapo ndipo alipovunjika. Sijawahi kusikia mwanamume analia vile, kama mtu anayetapika. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumfuta makamasi, na nikafanya vyote viwili, kofi kwanza. Nikamwambia, "Shangazi hatakutaja. Atakaa gizani, atakufa hajakutaja. Hilo unalielewa?" Akatikisa kichwa kwamba anaelewa. Akafunga kibanda, akachukua shati safi nyuma ya mlango. Nikamwuliza anakwenda wapi. "Kuandika ile fomu," akasema.

Nilimfuata hadi benki, hatua tatu nyuma. Meneja alimsomea mara mbili kinachofuata, kwamba makao makuu yatapeleka kesi polisi, kwamba hilo haliko mikononi mwake. Mdogo wangu akasema amesikia. Akaandika maelezo yote ukurasa mmoja na nusu kwa mkono wake wa kushoto, na jina lake chini. Mashine ikauzwa wiki ile ile, fedha akazipeleka benki, na benki ikajazia zilizopungua. Mimi nikapita kwa mama muuza nyanya, nikapita kwa fundi viatu. Kwa fundi viatu nilipiga magoti barabarani. Akaniambia ninyanyuke, nitachafua gauni, halafu akaniuliza Shangazi atahitaji ndala laini za hospitali saizi gani.

Shangazi tulimwambia fomu ilipokwisha kupelekwa. Alikasirika! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona anatupa kitu, kifuniko cha sufuria, na kikamkosa kila mtu. Alisema tumempora haki yake. Alikataa kwenda hospitali mchana mzima. Nikamwambia, "Basi baki. Lakini mwanao ameandika jina lake kwa ajili ya jicho hilo, na wewe usipolitumia ameliandika bure." Jioni akaniagiza nimpasie nguo.

Alifanyiwa upasuaji tarehe ile ile. Walipomfungua kitambaa cha jicho la kulia, daktari alimwonyesha vidole akavihesabu, akamwonyesha ubao wa herufi akausoma hadi mstari wa chini na kulalamika kwamba umechapwa vibaya. Mimi nilikuwa nalia na kucheka. Alinitazama akasema nimenenepa na nimependeza. Nikamwuliza anataka twende wapi kwanza, nyumbani wamemsubiri, mtaa mzima umefagia. Akasema, "Unajua ninapotaka kwenda."

Kituo cha polisi kina chumba cha wageni chenye benchi moja na meza iliyokatwa katwa na visu. Mdogo wangu alikuwa kituoni hapo siku ya sita akisubiri kupelekwa mahakamani. Askari akamleta. Alikuja akiburuta viatu vyake vile vile, kamba zimetolewa, akasimama mlangoni, hakuthubutu kusogea. Shangazi akainuka. Hakunisubiri nimshike mkono, alitembea peke yake chumba kizima, akamkamata mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza kuelekea dirishani kwenye mwanga. Alimwangalia, akamwangalia tena. Paji la uso, pua, ule mwanya wa meno. Mdogo wangu alifumba macho, machozi yakawa yanapita kati ya vidole vya Shangazi.

Kisha Shangazi akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Amekuwa kaka yangu mtupu," akasema. "Huyu ni baba yenu, alivyokuwa mwaka ule alipofariki. Na muda wote huo hakuna hata mmoja aliyeniambia."